Madam Aliyetufundisha Kuogelea Juu ya Benchi

Niseme mapema ili nisionekane naficha: mimi natapika. Natapika kwenye basi, kwenye bajaji, kwenye bembea za sikukuu, na Jumapili moja nilitapika kanisani nikiwa nimekaa kimya kabisa, kwa sababu feni la juu lilikuwa linazunguka nami nikalitazama muda mrefu. Nyumbani kwetu Mabatini mama hunifungia limao kwenye leso kila ninapotoka, hata kama safari yenyewe ni ya kwenda Nyegezi kumpokea shangazi stendi. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye ambaye jina lake liliandikwa mwaka huu kwenye yale mashindano ya michezo mitatu, ambapo unaogelea ziwani, ukitoka unapanda baiskeli, ukishuka unakimbia. Baiskeli naiweza. Kukimbia ndiyo usiseme. Nilichokuwa naogopa ni ziwa. Niliogopa kwamba mawimbi yatanizungusha kichwa, nitatapika nikiwa katikati, nitavuta maji badala ya hewa, na nitakufa pale watu wakipiga makofi ufukweni wakidhani nawapungia mkono.

Hofu hiyo nilikuwa nayo tangu kidato cha kwanza, na mtu pekee niliyewahi kumwambia ni Madam.

Madam alikuwa mwalimu wetu wa michezo. Jina lake lipo, kila mtu analijua, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia. Mkuu wa shule alimwita Madam. Mpishi wa shule, ambaye ni mkubwa kwake kwa miaka mingi, alimwita Madam. Kwenye simu ya mama kuna Madam Hesabu, Madam wa Kwaya na Madam wa Vitenge, halafu kuna Madam tu, na huyo ndiye yeye. Ni mfupi, mabega mapana, anavaa traksuti ya bluu iliyopauka magotini, na anatembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Kwao ni Ukerewe. Jina langu, Kabula, hajawahi kulitamka sawasawa hata siku moja. Kwake mimi ni Kabura, na nilikuwa nimeshazoea kiasi kwamba mtu mwingine akinitamka vizuri naona kama ananiita kwa ubaya.

Filimbi ya shule alikuwa nayo, lakini ilikaa kwenye droo. Yeye alipiga mluzi kwa vidole viwili, mluzi mkali unaofika barabarani. Huku kwetu mwanamke kupiga mluzi ni jambo la kusemwa. Bibi mmoja aliyekuwa anauza karanga getini alimfuata siku moja, wakasalimiana vizuri, kisha akamwambia, "Mwanangu, mwanamke hapigi mluzi. Unaita nyoka."

"Waje tu, mama," Madam akasema. "Na wenyewe niwafundishe kuogelea."

Yule bibi alicheka mpaka akashika nguzo ya geti. Lakini jioni ile ile nilimwona Madam akipita pembeni ya uwanja penye majani marefu, anakanyaga kwa kuchagua, macho chini. Nyoka alikuwa anawaogopa kweli. Ndivyo alivyokuwa. Maneno yake yalitangulia mbele kifua wazi, yeye mwenyewe akifuata nyuma akiangalia anapokanyaga.

Shule yetu haina bwawa. Ziwa lipo, tunaliona kutoka madarasa ya juu, lakini wazazi wengi hawataki kusikia habari zake. Kuna kichocho, kuna mamba wa kusimuliwa, kuna kiboko anayetajwa kila mwaka na hakuna anayejua alipo. Kwa hiyo Madam alitufundisha kuogelea nchi kavu. Alitoa mabenchi ya bwaloni, akayapanga nyuma ya maabara penye kivuli, akatulaza kifudifudi, tumbo kwenye ubao, mikono na miguu hewani.

"Vuta! Piga miguu! Geuza uso, pumua! Grace, unaogelea au unafua?"

Grace ni mwenzangu wa dawati. Huyo anacheka hata msibani, na anaongea kwa niaba ya watu wawili, yeye na mimi. Wavulana wa kidato cha nne walikuwa wakipita wanapaza sauti, "Madam, wameshafika Bukoba?" Naye anajibu bila kugeuka, "Wameshafika, wanawasalimia. Wanauliza na nyie mtafika lini?"

Muhula mzima tuliogelea juu ya mbao. Matumbo yalitukwaruza, sare zilikatika vifungo. Mimi niliyapenda yale mabenchi kuliko kitu chochote pale shuleni, kwa sababu benchi halitikisiki. Juu ya benchi nilikuwa mwogeleaji bora. Madam aliwaambia wengine waje waangalie mkono wangu unavyoingia, nami nikaficha uso kwapani kwa aibu. Ila nilijua, na yeye alijua, kwamba siku ya maji yenyewe itakuwa kesi nyingine.

Siku hiyo alitupeleka kwenye kijighuba kilichozungukwa na mawe, maji ya kifuani, yametulia kama chai kwenye kikombe. Alikuwa amefunga kamba ya wavuvi yenye maboya kutoka jiwe moja hadi jingine ili asipotee mtu. Nilielea. Nikavuta mkono, nikapiga miguu, nikasogea, nikafurahi. Kisha mbali huko ikapita boti ya injini, na baada ya muda mawimbi yake yakatufikia, moja baada ya jingine, taratibu, kama watu wanaoingia sebuleni bila kubisha hodi. Anga likaenda huku, tumbo likaenda kule. Nikatapika viazi vyote vya asubuhi, na visamaki vidogo vikaja mbio.

"Jamani! Kabula analisha samaki!" Grace akapiga kelele.

Tangu siku ile nikawa Mlisha Samaki. Hata wadogo wa kidato cha kwanza walinisalimia, "Shikamoo dada Mlisha Samaki," kwa heshima zote.

Madam hakunipa pole. Si mtu wa pole. Alisogea akasimama karibu yangu, mgongo wake ukawazuia wengine wasinione.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Madam."

"Vizuri, tumbo limekuwa jepesi." Kisha akashusha sauti. "Sasa sikiliza, Kabura. Ukitapika majini usivute kitu. Uso pembeni, toa chote mpaka kiishe. Halafu ndiyo ugeuke chali, mdomo uangalie mbingu, ndipo uvute hewa. Kabla ya hapo usivute, hata ukiona unakufa. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akanirudisha tena na tena, nikijifanya natapika mbele ya darasa zima, mpaka Grace mwenyewe akachoka kucheka. Sijui kama kuna mwalimu mwingine nchi hii anayefundisha watoto kutapika.

Alisema ugonjwa wangu hauko tumboni, uko masikioni, na masikio yanafundishika kama kitu kingine chochote. Kila jioni kabla sijaenda nyumbani alinisimamisha katikati ya uwanja wa netiboli, akaniambia nizunguke pale pale macho wazi mpaka apige mluzi, halafu nitembee juu ya mstari mweupe nimfuate alipo. Siku za kwanza nilitembea nikaenda kuligonga goli. Mlinzi wa shule alikuwa anatuangalia kutoka kibandani, na siku moja hakuvumilia.

"Madam, huyu mtoto ana pepo?"

"Ana masikio," Madam akajibu.

Baada ya miezi kadhaa nilikuwa naufuata ule mstari, nimekunja uso, jasho linatoka, lakini nafika. Siri ilikuwa moja, nayo aliirudia mpaka nikawa naiota: tafuta kitu kisichotembea. Macho yakipata kitu kisichotembea, tumbo litasadiki. Kwa Mwanza si kazi ngumu, kwani huku kila unapogeuka kuna jiwe, mengine yamekaa juu ya vilima kama yamepangwa na mtu, mengine yamesimama ndani ya maji. Alitaka kila mmoja wetu, kabla hajaingia ziwani, achague jiwe lake na amwambie ni lipi. Ukichagua mtumbwi au mti ulio mbali, anakukatalia. "Mtumbwi utaondoka, na mti huo ukiwa na mawimbi machoni hutaujua. Chagua jiwe."

Alichukia uongo. Grace aliwahi kusingizia homa ili asikimbie, akapewa kazi ya kumwagilia bustani ya shule wiki nzima. Lakini mwongo mkubwa kuliko wote alikuwa Madam mwenyewe. Kwenye mbio ndefu alisimama njiani anatupungia, "Bado kidogo! Bado kona moja tu!" Ukimaliza kona unakutana na kilima. Ukimaliza kilima unakutana naye tena, sijui alipita wapi, "Bado kidogo!" Wasichana walikuwa wanasema siku watakayomzika Madam, atawaambia wachimba kaburi bado kidogo.

Kuna safari moja ya michezo tulikwenda Bunda kwa basi. Nilikaa dirishani, limao likaniponyoka likabiringikia chini ya viti, na baada ya Magu nilianza kuhisi mate yanakuwa mengi. Mimi kuliko kupaza sauti ndani ya basi, nimwambie dereva asimame, watu wote wageuke wanitazame, afadhali nife. Nilikaa nimebana meno. Madam alikuwa kiti cha upande wa pili. Sijui alijuaje. Alivua kofia yake, kofia pana ya ukindu aliyoletewa na mdogo wake kutoka Ukerewe, akaigeuza, akanipa kwa mikono miwili kama mtu anayekaribisha mgeni chakula. Nikaijaza. Aliamuru basi lisimame, akaenda kwenye bomba la watu pembeni ya barabara, akaisugua kwa mchanga, akarudi akaivaa ikiwa bado inadondosha maji.

"Madam!" Grace akasema, mkono mdomoni.

"Kichwa changu kimezoea mambo ya watoto," akasema, akakaa.

Ninachokumbuka zaidi ni safari iliyobaki. Hakuongea tena. Alikaza macho kwenye kioo cha mbele, mikono imeshika chuma cha kiti, na juu ya mdomo wake kulikuwa na jasho dogo dogo. Nilidhani amekasirika kwa sababu ya kofia.

Nilikuja kuelewa siku mdogo wake alipokuja shuleni na ndoo ya samaki wakavu. Mwanamke mcheshi, mnene, anaongea kwa mikono. Grace, ambaye hana breki, akamuuliza kwa nini Madam anapokwenda kwao Ukerewe hapandi meli pale bandarini kama watu wote, anazunguka na basi kutwa nzima mpaka Bunda, mpaka Kisorya, ndipo avuke pale penye maji membamba. Sisi alituambia anapenda kuona nchi.

"Kuona nchi?" mdogo wake akacheka mpaka akaweka ndoo chini. "Huyu? Dada yangu huyu hata beseni la maji likicheza anashika ukuta! Pale Kisorya wanamvusha amefumba macho kama mtoto anayetolewa jino. Tangu tukiwa wadogo. Kuogelea anaogelea kama samaki, lakini mpandishe juu ya kitu kinachoelea uone!"

"Nenda zako na samaki wako," Madam akasema. Hakucheka. Aliingia ofisini akafunga mlango.

Wenzangu walicheka siku nzima. Mimi nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Siku zote nilijiambia kwamba ule ugonjwa una mwisho, kwamba nikizunguka uwanjani vya kutosha nitafika siku nitakuwa kama Madam. Sasa nimejua Madam mwenyewe hajafika. Usiku nilipolala nilisikia kitanda kinaniyumbisha, na hakikuwa kinatembea.

Kesho yake nilimkuta peke yake anakusanya mabenchi. Nikamsaidia kubeba upande mmoja. Ndipo nikamwambia, nikiangalia ubao na si uso wake, kwamba ninaogopa kutapika katikati ya ziwa nife. Nilisema haraka haraka. Nilitegemea aseme hutakufa. Alitembea na upande wake wa benchi mpaka mlangoni mwa bwalo.

"Na mimi ningeogopa," akasema. "Inua, tusikwaruze sakafu."

Basi. Hayo tu. Lakini nilikwenda nyumbani nimepata nafuu, na mpaka leo sijui kwa nini.

Mwanzoni mwa mwaka huu alistaafu. Alihamia Buswelu kwenye nyumba aliyoijenga kidogo kidogo, akawa anafuga kuku. Mimi si mtu wa kwenda kwa watu, kwa hiyo sikumwona. Akaja mwalimu mpya, kijana, ana saa inayohesabu mapigo ya moyo. Aliingia darasani akauliza nani anaweza kuogelea ziwani, kuna mashindano ya michezo mitatu na shule inatakiwa kupeleka msichana. Mara mkono wangu ukanyanyuka. Haukunyanyuka wenyewe, Grace ndiye aliyeushika kwenye kiwiko akaunyanyua. Ningeweza kuushusha. Lakini kuushusha ingebidi niseme kitu mbele ya watu wote, na kabla sijapata la kusema mwalimu alikuwa ameshaandika.

Mama alipojua alikaa kwenye kigoda cha dukani kwake akanitazama. "Mimi sikukuzaa uje kuliwa na sangara," akasema. Kisha akaenda kuninunulia miwani ya kuogelea.

Asubuhi ya mashindano ziwa lilikuwa limelala. Ila walianza wanaume, wakafuata wanawake wakubwa, na zamu ya wasichana wa shule ilipofika upepo ulikuwa umeamka, na mbali kidogo mistari myeupe ilikuwa inaonekana juu ya maji. Tulitakiwa kuzunguka boya la kwanza, kisha la pili, kisha kurudi. Nilichagua jiwe langu: jeusi, pana, liko pale pale pa kutokea, limejaa ndege wamesimama wima. Nilitaka kumwambia mtu ni lipi. Hakukuwa na wa kumwambia.

Boya la kwanza nililifikia salama. Baada ya hapo mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni. Kila nilipogeuza uso kupumua wimbi lilikuwa limeshafika mdomoni kabla ya hewa. Maji baridi yaliingia sikio moja, na hapo hapo nikasikia kile kitu nilichokuwa nakiogopa tangu kidato cha kwanza, kichwa kinafunguka kama kifuniko na kuanza kuzunguka. Mate yakawa mengi. Nikainua uso kutafuta jiwe. Nikaliona, jeusi, ndege wamesimama juu yake. Nikaogelea kulielekea.

Niliogelea muda. Kila nikiinua uso jiwe limesogea pembeni. Nikajisahihisha, nikalilenga upya, likasogea tena. Nikajiambia ni kichwa changu. Ndivyo kichefuchefu kinavyofanya, kinakuonyesha vitu vinatembea na havitembei, na mtu aliyeugua hivi tangu utotoni hujifunza kutoyaamini macho yake. Nilikataa kuyaamini. Nikabana meno, nikavuta, nikalifuata.

Nilipolifikia lilikuwa majani. Lilikuwa gugu maji, shuka zima la gugu maji lililokatika kwenye ghuba huko na kusukumwa na upepo, na yangeyange wamesimama juu yake kama wako nyumbani. Lilikuwa linatembea kweli. Macho yangu yalikuwa yanasema ukweli muda wote. Nikageuka kutafuta watu, sikuona mtu. Hakuna kofia za njano za waogeleaji wenzangu, hakuna boya. Kulikuwa na maji tu, yanapanda na kushuka. Mizizi ya lile gugu ikanigusa mapajani, laini, mingi, na nikafikiria nyoka, na nikafikiria kila kitu kingine kinachokaa chini ya majani ambacho hakionekani. Hapo tumbo likaachia.

Uso pembeni. Nikatoa. Kifua kikanilazimisha kuvuta, nikakataa. Nikatoa tena, mpaka kikaisha. Nikageuka chali, mdomo juu, nikavuta hewa, na hewa ikaingia. Nililia kwa sauti, kitu ambacho siwezi kufanya mbele ya mtu. Nilipiga kelele pia, lakini upepo uliichukua.

Ndipo nikasikia mluzi.

Mtumbwi ulikuwa unakuja kutoka nyuma ya wimbi. Nyuma yake mvuvi mmoja wa makamo anapiga kasia, na katikati, amevaa jaketi la rangi ya chungwa lililomfika masikioni, amekaa mtu ameshika mbavu za mtumbwi kwa mikono yote miwili. Alikuwa Madam. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Shikamoo, Madam," nikasema. Sijui kwa nini. Mdomo ulijua kazi yake.

"Marahaba. Maliza kutapika kwanza."

Nikamaliza. Naye akageukia upande wa pili wa mtumbwi, akainama, akatapika.

"Sasa mimi nimebeba nini leo?" mvuvi akasema. "Mwogeleaji anatapika, mwokoaji anatapika."

"Wewe shika kasia, baba," Madam akamwambia, akijifuta. "Kabura, shika mtumbwi. Kushika si kosa, mradi tusikuvute. Pumzika."

Nikashika. Nikamuuliza amefikaje. Akasema alikuja kuangalia tu, kama watu wengine, na chakula chake kwenye kikapu. Akasikia jina langu kwenye kipaza sauti. Akaona mtumbwi unaofuata waogeleaji wa mwisho hauna anayewajua watoto kwa sura.

"Miguu ikapanda," akasema. "Nilishtukia niko humu."

"Mama, tumpandishe tuondoke," mvuvi akasema. "Wenzake wote wameshatoka. Tumebaki sisi. Na upepo huu ndiyo kwanza unaanza, na sisi haturuhusiwi kurudi kama kuna mtu majini."

Hapo ndipo nilipojua mimi ndiye wa mwisho. Madam alifumba macho, wimbi likatunyanyua, likatushusha, akayafumbua.

"Kabura, nisikilize. Leo siwezi kukuambia bado kidogo. Ni mbali. Umepotea sana. Na mimi naumwa, ziwa lote naliona limesimama wima. Ukipanda humu sasa hivi nitamshukuru Mungu, maana nitafika nchi kavu. Ukiogelea, nitakaa humu mpaka utoke. Lakini usipande kwa ajili yangu. Kama unapanda, panda kwa ajili yako."

"Madam, naogopa kufa."

"Na mimi," akasema. Alisema kawaida kabisa, kama mtu anayetaja siku ya leo.

Mvuvi akaangalia pembeni. Mimi nilikuwa nalitazama jaketi la Madam la chungwa, na mkono wake ulivyong'ang'ania ule ubao mpaka kucha zimekuwa nyeupe, na nikaona kwamba akiniambia panda nitapanda, na akiniambia ogelea nitaogelea, na hasemi lolote kati ya hayo mawili. Nilimchukia kidogo.

"Jiwe langu liko wapi?" nikauliza. "Lile pana, la pale pa kutokea."

Aliachia mkono mmoja. Akaunyoosha. Nikafuata kidole chake, na kule mbali, dogo kama punje, nikaliona. Nililitazama kwa mawimbi kadhaa. Halikwenda popote.

Nikaachia mtumbwi.

Nitakuwa mwongo nikisema hofu iliniacha. Nilikwenda nayo njia nzima. Nilitapika tena, kitu chenyewe kilikuwa maji tu, uso pembeni, kisha chali. Kila nilipogeuza uso nilisikia kasia nyuma yangu, na mara nyingine nilisikia Madam akijikamua tumbo lisilo na kitu, na nikajua kila ninapopunguza mwendo yeye anazidi kukaa mle ndani. Niliongeza mwendo. Mkono ulikataa, nikapunguza. Niliomba msamaha kichwani, nikaongeza tena.

Tope liligusa vidole vyangu vya miguu nikaona nimekanyaga kitu kibaya, nikaruka. Kumbe ni chini ya ziwa. Nikasimama, nchi ikanesa, nikaanguka, nikasimama tena. Watu waliobaki walikuwa wachache, wakapiga makofi ya huruma. Sehemu ya baiskeli ilikuwa tupu, imebaki yangu peke yake imeegemea chuma, na Grace ameruka kamba amesimama pembeni yake.

"Mlisha Samaki! Kimbia! Baiskeli yako hii hapa! Wa mbele yako bado anaonekana!"

Nilianza kwenda. Kisha nikageuka kumtazama Madam.

Mtumbwi ulikuwa umenasa kwenye mawe, hatua chache kutoka pakavu. Kila wimbi lililokuja liliunyanyua kwa nyuma na kuubwaga. Mvuvi alikuwa ameshuka, maji kiunoni, ameshikilia upande mmoja ili usipinduke, hawezi kuachia. Madam alikuwa amebaki juu. Alijaribu kusimama, ukabwagwa, akakaa. Akajaribu tena, akarudi kukaa. Watu wa ufukweni walidhani anapumzika. Mimi nilijua. Alikuwa ameifikia nchi kavu, anaiona, na hawezi kuteremka.

Nikarudi majini.

"Kabura!" aliponiona akapaza sauti, imekauka, imepasuka katikati. "Baiskeli! Geuka! Nenda kwenye baiskeli yako!"

Sijawahi kumkatalia mtu mzima kitu chochote, hata uji nisioupenda. Maji yakanifika magotini, yakanifika mapajani, na lile wimbi la baridi likanipiga tumbo likataka kunigeuza tena. Madam aliweka vidole viwili mdomoni apige mluzi wa kunirudisha. Hakukutoka sauti, ilitoka pumzi tu.

Nikajifanya sisikii. Nikashika mbele ya mtumbwi, nikavuta.